Singlendi ya Tracksmith juu ya mikono mirefu

Nianze na bei, maana kila anayeniona nayo huanzia hapo. Singlendi ya Van Cortlandt ya Tracksmith, kampuni ya mavazi ya mbio ya Boston, ile yenye mkanda wa mshazari kifuani, inauzwa kati ya dola 70 na 80. Haina mikono, haina kola, na ukiikunja inaenea kiganjani. Mama aliponiuliza kwenye simu ya video nimeinunua kiasi gani, nikamtajia kwa shilingi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kwa pesa hiyo huku unapata cherehani ya mtumba na chenji ya uzi." Hana kosa. Na mimi bado nasema hii ndiyo nguo bora ya mbio niliyopata kuivaa. Nataka kuieleza kwa kina kwa sababu tathmini karibu zote ninazozisoma zimeandikwa na watu wanaoivaa tofauti kabisa na ninavyoivaa mimi.

Mimi ni mtoto wa Unguja, naishi Malden, kaskazini mwa Boston, na nakimbia nikiwa nimejisitiri: fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana yenye bukta pana juu yake, na hijabu ya michezo. Kwa hiyo singlendi yangu haigusi ngozi. Inakaa juu ya kila kitu. Mwenzangu anayeivaa peke yake anataka kitambaa laini, basi. Mimi kila tabaka ninaloongeza ni joto ninalolibeba, na tabaka la juu likiwa zito au likinata, mbio zimeharibika. Ninachokitafuta ni nguo ya nje ambayo mwili hautaitambua kuwa ipo, lakini macho ya watu yataiona.

Kitambaa cha Van Cortlandt kina matundu madogo madogo. Ukiinyanyua singlendi mbele ya dirisha unaona mwanga unapenya. Julai ya huku ni ya fukuto. Sisi wa Pwani joto la unyevunyevu tunalijua, ila huku kuna siku hakuna hata kaupepo ka kulipoza. Nikienda kukimbia Northern Strand, ile njia ya watembea kwa miguu na baiskeli iliyojengwa palipopita reli ya zamani, nikielekea upande wa vinamasi vya Saugus, fulana ya ndani inakuwa imelowa chapachapa kabla sijafikiria kugeuza. Singlendi nyingine nilizowahi kuvaa juu yake zilikuwa zinanata, zinavutana na fulana begani, na nikirudi nyumbani shingo imechubuka. Hii hainati. Hewa inapita kati ya tabaka mbili, jasho linapanda kutoka ndani na kukauka nje. Mishono ya ubavuni imelala bapa. Ukipitisha kidole huhisi ukingo wowote. Pindo la chini linabaki pale pale nilipoliweka, halipandi kiunoni kila nikiongeza mwendo, na kwa mtu anayevaa kwa ajili ya kujisitiri hilo si jambo dogo.

Kuhusu mkanda wa mshazari: unatoka bega moja, unakata kifua, unashuka kiunoni upande wa pili. Kabla sijaununua niliuona kuwa pambo tu. Kisha nikaja kuelewa kazi yake kwenye B.A.A. 10K, mbio za kilomita 10 zinazofanyika Boston mwezi Juni. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni ya barabara kunipiga picha, na kwenye lile wimbi la watu alinitambua kwa ule mstari kabla hajaona uso. Mistari iliyonyooka, ya kulala na ya kusimama, inapotea kwenye kundi la watu wanaokimbia, maana kila kitu kinapanda na kushuka. Mshazari haupotei. Timu za shule na vilabu vya zamani vya Marekani vilivaa mikanda ya namna hiyo, na jina la singlendi lenyewe linatokana na Van Cortlandt Park, bustani kubwa ya Bronx, New York, ambako vizazi na vizazi vya wanafunzi vimekimbia mbio za nyika.

Nimeifua mara nyingi na rangi haijachuja. Naifua kwa maji baridi, bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo inaacha utando kwenye nyuzi na kitambaa kinaacha kupitisha jasho. Kisha naitundika. Haihitaji jua, ukiitundika usiku asubuhi imekauka.

Duka lao kuu liko Newbury Street, wanaliita Trackhouse. Kutoka Malden unapanda treni ya Orange Line bila kubadilisha, unashuka Back Bay, unatembea kidogo. Newbury ni mtaa wa maduka ya gharama, wa watu waliopiga pamba hata wakienda kununua maziwa, na uko sambamba na Boylston Street, ambako Boston Marathon inamalizikia. Hilo ndilo lililowapeleka pale. Dukani nguo zimepangwa kwa nafasi, hazijabanana, na wauzaji wenyewe ni wakimbiaji. Dada aliyenihudumia aliniuliza kwanza najiandaa na umbali gani, ndipo akauliza saizi. Nilipomwambia nataka kuivaa juu ya mikono mirefu hakushangaa wala hakunitazama mara mbili. Alinipa saizi inayofuata, akaniambia niinue mikono na kuizungusha mbele ya kioo ili nione kama kwapa inavuta. Nimehudumiwa kwenye maduka mengi ya michezo ya Marekani ambako nikiuliza nguo ya kusitiri naelekezwa kwenye kona moja yenye hijabu mbili nyeusi. Hapa nilihudumiwa nikiwa mkimbiaji, na nimelikumbuka hilo kila ninapotetea ile bei.

Nembo yao ni sungura, anaitwa Eliot. Jina wamelitoa kwa Eliot Lounge, baa ya Boston iliyokuwa kijiwe cha wakimbiaji hadi ilipofungwa mwaka 1996. Kwetu sungura hahitaji kutambulishwa. Tumelelewa naye, yule mjanja anayemzunguka Fisi na kumchezea Simba, ambaye hashindi kwa miguu hata siku moja, anashinda kwa akili, na siku aliyotegemea miguu peke yake ndiyo siku aliyoaibishwa na Kobe. Nikimwona amechorwa kifuani kwangu nafikiria zaidi kupanga mwendo kuliko kasi. Sijui kama Tracksmith walikuwa na hilo akilini, lakini kwenye kilomita za mwisho linanisaidia.

Kampuni yenyewe ilianza mwaka 2014. Waanzilishi ni Matt Taylor, aliyekimbia alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale, na Luke Scheybeler, mmoja wa walioanzisha Rapha, kampuni ya Uingereza iliyowauzia waendesha baiskeli mavazi ya heshima kabla mtu yeyote hajafikiria kuwafanyia hivyo wakimbiaji. Wazo lao ni mkimbiaji wa ridhaa: mtu mwenye kazi yake na familia yake, hatashinda medali, lakini anaamka gizani na anaujua muda wake bora hadi sekunde. Rangi zao ni za vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani: bluu iliyokolea, damu ya mzee, nyeupe ya maziwa. Hakuna rangi za kung'aa za viatu vya duka la michezo. Wiki ya Boston Marathon wanawapa wakimbiaji bango, na ukimaliza mbio unarudi nalo dukani wanakupigia muhuri wa muda wako. Nimeuona ule msururu. Watu wamejifunga mablanketi ya karatasi ya fedha, wanachechemea, wengine wanalia, wameshika karatasi iliyokunjwa kwa uangalifu kuliko wanavyojishika wenyewe. Kuna pia singlendi maalumu kwa waliofikia muda wa kufuzu Boston. Huwezi kuinunua kwa pesa peke yake. Mimi sijaufikia muda huo, na naitaka ile singlendi kweli.

Hapo ndipo ninapoiona akili ya biashara hii. Nguo wanaiuza, lakini wameizungushia mambo ambayo hayauzwi: muhuri, mbio za pamoja zinazoanzia dukani, watu wanaopungiana mikono kando ya Mto Charles kwa sababu wameonana mikanda. Ukiwa mgeni katika mji wenye baridi kama huu, kupungiwa mkono na mtu usiyemjua saa kumi na mbili asubuhi kuna thamani. Nimepungiwa.

Lakini historia wanayoivalisha ina pengo, na nalisema kwa sababu naipenda kazi yao. Ukitazama picha na majina yanayozunguka ulimwengu huu wa mavazi ya mbio ya Boston, utakutana sana na Bill Rodgers, aliyeshinda Boston Marathon mwaka 1975 kwa saa 2:09:55 akiwa amevaa fulana iliyoandikwa kwa mkono. Ni hadithi nzuri na ni ya kwao. Ila barabara ile ile ina hadithi nyingine. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, na aliyemfuata kwa sekunde moja tu alikuwa Juma Ikangaa wa Tanzania. Ikangaa alirudi 1989 akawa wa pili, akarudi 1990 akawa wa pili tena. Miaka mitatu mfululizo! Kati ya hapo, Novemba 1989, alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Kama kuna mtu anayestahili bango la ukutani katika mji huu ni yule mwanajeshi mfupi aliyekuwa anakimbia mbele tangu bunduki inalia. Tangu Hussein, Wakenya na Waethiopia wameimiliki Boylston. Kampuni inayouza kumbukumbu za mbio za mji huu ina hazina hapo ambayo haijaishona.

Kuna picha nyingine ya zamani ninayoipenda zaidi. Mwaka 1967 Kathrine Switzer alikimbia Boston akiwa na namba 261, na mmoja wa wasimamizi akaingia barabarani kujaribu kuing'oa namba hiyo, kwa sababu mbio zilikuwa za wanaume. Kila mtu hutazama ule mvutano. Mimi hutazama nguo. Amevaa traksuti ya kijivu, pana, mikono hadi kwenye vifundo, miguu imefunikwa, kwa sababu siku ile kulikuwa na baridi kali. Wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1972. Yaani picha maarufu kuliko zote ya mwanamke kwenye mbio hizi ni ya mwanamke aliyefunika mwili, na ninapokwenda dukani wakati wa kiangazi kuulizia mikono mirefu, mepesi, yenye mkato mzuri, naona rafu za nguo zinazopungua kila mwaka.

Majira ya baridi ndiyo yangu. Desemba ikiingia, Malden nzima inavaa ninavyovaa mimi: vichwa vimefunikwa, mikono imefunikwa, shingo imezungushiwa kitambaa. Na hapo ndipo kampuni hizi zinapofanya kazi yao nzuri kuliko zote. Tracksmith wana fulana ya ndani ya sufu ya kondoo wa merino, wanaiita Brighton, inauzwa kama dola 100. Imefumwa badala ya kukatwa na kushonwa, kwa hiyo hakuna mshono wa kuchubua, na sehemu za jasho zina ufumaji wa wazi zaidi. Sufu hiyo haiwashi, na haishiki harufu kama polyesta. Unaweza kuianika baada ya mbio na kuivaa tena kesho yake bila aibu. Nikiulizwa nguo moja tu ya kununua kwa mtu anayejisitiri, nitamwambia aanze na hii kabla ya singlendi. Singlendi inapendeza, lakini hii ndiyo inayokaa mwilini. Kiangazi nafanya tofauti, navaa fulana ya mikono mirefu ya polyesta niliyopewa kwenye mbio, ya bure, na inafanya kazi yake.

Suruali ndefu ni hadithi nyingine. Kuna moja niliyoiagiza mtandaoni kwa kampuni ndogo, sitaitaja, iliyojaa picha za kuvutia za watu waliosimama milimani bila kukimbia. Bei ilikuwa ya juu kuliko vyote nilivyovitaja hapa. Mshono wa nyuma wa goti ukaachia nikiwa mbali na nyumbani, na kama si ile bukta pana niliyovaa juu ningerudi kwa teksi. Tangu hapo nguo yoyote ya mbio naigeuza ndani nje kabla ya kuitazama nje. Nauvuta mshono kwa vidole viwili. Nyuzi zikianza kuonyesha meno, naiacha.

Wanaouza mbio kwa mtindo siku hizi ni wengi, na si wote wanaouza kitu kimoja. Satisfy ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Brice Partouche, ambaye kabla ya hapo alikuwa na kampuni ya jinzi iitwayo April77, inatoka kwenye ulimwengu wa muziki wa panki na ubao wa magurudumu. Fulana yao inayojulikana zaidi ni ya pamba yenye matundu yaliyotobolewa kwa makusudi, utadhani imeliwa na nondo, na inazidi dola 100. Nimeishika dukani, nikaigeuza ndani nje kama kawaida yangu. Kazi ya mikono ni safi na pamba yake ni laini mno. Yale matundu, kwangu mimi ninayeivaa juu ya nguo nyingine, yana maana halisi: hewa inapita. Sikuinunua. Pamba ikilowa ni nzito, na zaidi ya hapo, Satisfy inamwuzia mtu upweke wake, kukimbia peke yako porini hadi akili ibadilike. Naiheshimu hiyo hamu. Siyo yangu.

Bandit ya Brooklyn naipenda kwa jambo moja hasa. Mwaka 2024, kwenye mchujo wa Marekani wa kupata timu ya Olimpiki, walichukua wanariadha wasio na mdhamini wakawavisha nguo nyeusi zisizo na nembo yoyote, hata ya Bandit wenyewe, ili kila anayetazama televisheni aone kwamba huyu mtu amefika hapa na bado hana wa kumlipa. Kampuni ya nguo kuficha jina lake ili mkimbiaji aonekane! Hilo lilinigusa kuliko tangazo lolote. Soar ya London, ya mbunifu Tim Soar, ina ushonaji wa hali ya juu na bei ya kutisha. Ciele ya Montréal inatengeneza kapelo nyepesi zenye ukingo laini unaokunjika na kufulika kwenye mashine. Kwa anayevaa hijabu hizo ni msaada mkubwa, maana zinakaa juu yake bila kubana na zinazuia jua na mvua. Na kuna Gyakusou, kazi ya pamoja ya Nike na Jun Takahashi, mbunifu wa kampuni ya mitindo ya Undercover ya Japani, iliyoanza mwaka 2010 kwa ajili ya kundi la wakimbiaji wa Tokyo wanaozunguka njia kinyume na wenzao. Rangi za udongo, tabaka juu ya tabaka, bukta juu ya suruali ya kubana. Bila kukusudia, walibuni mavazi ya mbio ya mwanamke wa Kiislamu vizuri kuliko waliokusudia. Ukikutana nayo kwenye mitumba ya mtandaoni, usiiache.

Wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki wako wapi katika mitindo hii? Aliyevunja ukuta ni Hellen Obiri. Anavaa On, kampuni ya Uswisi ambayo raba zake unaziona sasa kwenye ofisi na viwanja vya ndege kuliko barabarani, na aliposhinda Boston mwaka 2024 miguuni alikuwa na raba isiyo na kamba, ambayo sehemu yake ya juu imenyunyizwa na roboti. Watu walioinunua baadaye waliinunua kwa sababu yake. Kenya pia imejaribu kujitengenezea: Enda, ya Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ilichangisha fedha kupitia Kickstarter mwaka 2016 ikatoa raba iliyopewa jina la Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, halafu nyingine iitwayo Lapatet. Upande wetu wa Tanzania, Aprili 2025 nilikuwa nimesimama Boylston nimebana koo kwa kelele wakati Alphonce Simbu anaingia wa pili nyuma ya John Korir. Septemba mwaka ule ule Simbu akashinda dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, kwa saa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani aliyekuwa naye bega kwa bega hadi kwenye utepe. Bingwa wa dunia. Na leo ukitaka kununua singlendi ya kumuenzi, hakuna. Nimetafuta.

Linaniuma zaidi kwa sababu utamaduni wa mavazi ya mbio tunao siku nyingi. Anayedhani sare za kukimbia zilianzia Boston hajawahi kuwa Unguja Januari Mosi, Siku ya Mazoezi, vikundi vya Unguja, Pemba na Bara vinapoelekea Amaan asubuhi, kila kikundi na rangi yake, nyimbo zinapokezana, kina mama wa makamo wamevaa mitandio inayolingana na fulana. Au Dar es Salaam Jumapili alfajiri, vilabu vya jogging vikitoka Temeke na Kinondoni. Sare pale inabishaniwa wiki nzima. Nani akusanye michango, rangi gani, jina liandikwe mbele au mgongoni, mdhamini awekwe ukubwa gani. Mwanachama akihamia mtaa mwingine anaitunza ile fulana. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa na sare za kikundi chake za miaka mingi zimekunjwa sandukuni, hakuzivaa kwa kazi nyingine, si shambani wala si baharini.

Wakati huohuo, nguo za mbio za Marekani zinatufikia kwa mlango wa nyuma. Nenda Karume pale Ilala, utazikuta fulana za marathoni za miji ambayo muuzaji hajawahi kuisikia, zimefungwa kwenye robota pamoja na bukta za kuogelea. Vijana wanazichagua kwa kitambaa. Wanazijua nguo hizo kwa vidole kuliko wengi wanaozinunua mpya Newbury Street.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa aliyeko huku na kwa aliyeko nyumbani, hauwezi kuwa mmoja. Uliyeko Marekani au Uingereza (wana duka London pia, Chiltern Street), ukiwa unavaa singlendi juu ya mikono mirefu, panda saizi moja. Bluu iliyokolea inaficha madoa ya jasho na ya pini za namba. Nyeupe inapendeza kwenye picha lakini fulana ya ndani inaonekana, na hiyo nawaachia wenye fulana nyeupe nzuri. Subiri mwisho wa msimu, bei hushuka. Kama bajeti ni ya nguo moja, nunua Brighton.

Uliyeko Unguja au Dar, usiiagize. Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, ni pesa ya kikundi kizima. Kitambaa cha matundu kinapatikana Kariakoo kwa mita, na fundi yeyote anayeshona jezi anaweza kukata mkanda wa mshazari wa rangi ya kikundi chenu na kuushona kwenye singlendi. Mwambie aulaze mshono wa ubavuni uwe bapa, na kwa wanaojisitiri aongeze urefu wa pindo kwa upana wa kiganja. Jina la kikundi liandikwe kwenye mkanda kwa uzi au kwa wino mwepesi. Ule uchapishaji mzito wa mpira unaofunika kifua kizima achaneni nao, maana ndipo jasho linapokwama, na ndiyo unaoanza kubanduka kabla msimu haujaisha.